Binti Anayeuliza kwa Adabu

Gari la kwenda Fukayosi lilikuwa limeshaipita Makurunge wakati Shufaa aliposikia darasa lake likitajwa kwenye kiti cha mbele yake. Kila Jumamosi yeye huwafunza mabinti wa kijiji maadili na uongozi, na mzee aliyekuwa akisema, Mzee Hija, alikuwa baba wa mmoja wao. Mzee hakumjua Shufaa kwa sura.

“Mtoto wa miaka kumi na mitano ananiambia, ‘Baba, ulimsingizia jirani kuiba mbuzi, na mbuzi karudi mwenyewe. Kamtake radhi!’” alimlalamikia mwenziwe, muuza vitambaa wa Dunda.

“Alikupandishia sauti?”

“Angepandisha ningemkaripia. Alisema kwa upole, huo ndio ubaya wake.”

“Ukaenda?”

“Nilikwenda. Jirani akanikaribisha kahawa. Lakini kwenye darasa hilo la Jumamosi, linalomfunza maneno hayo, binti yangu harudi tena.”

“Umeshamwambia?”

Mzee alikuna kidevu. “Nimwambie nini? Ataniuliza sababu, tena kwa adabu.”

Shufaa aliuma mtandio asicheke. Gari liliposimama, mzee akashuka huku akisema, “Jumamosi tutajuana!”

“Inshallah,” alijibu muuza vitambaa.

Shufaa naye alishuka, akimwamini binti kuliko alivyomhofia baba: Jumamosi angemwona darasani.