Tambi za Bata Aliyekwisha

Benchi lililoegemea ukuta wa jiko la Mama Birika lina miguu minne iliyonyooka na watu watatu waliopinda. Miguu aliinyoosha kaka yake, mwashi aliyeitwa Timazi, jina la uzi wa kupimia ukuta kama umenyooka, kwa sababu hajawahi kujenga ukuta uliolala wala kusema neno lililolala. Wale watatu hakuna aliyewanyoosha. Redio ni fundi wa simu, na hazimwi. Wembe ni kinyozi, hukata maneno ya watu zaidi kuliko nywele zao. Nusu Mwalimu aliacha chuo cha ualimu muhula wa pili, akatoka na methali bila maana zake. Kila asubuhi hunywa kahawa hapo, hubishana, kisha kila mmoja huenda kuharibu kazi yake. Siku hiyo saa tano iliwakuta bado wamekaa. Nafasi ya Timazi, ile ya mwisho karibu na dirisha la jiko, ilikuwa tupu, na hakuna aliyethubutu kuikalia.

Mambo yenyewe yalianza jana yake mchana. Timazi alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kujenga, na msimamizi wake akamletea zawadi ya kumuaga: bata mzinga, mzima, amefungwa utepe shingoni kama bwana harusi. Mama Birika akamchinjisha, akampika, wageni wakaja, hotuba zikasomwa. Walipoondoka, Timazi aliingia chumbani kwake akatia komeo. Hakula cha usiku. Hakunywa chai ya asubuhi. Na Timazi ana sukari. Dawa alikuwa anameza, kwa maana dada yake alisikia kichupa kikitikiswa upande wa pili wa ukuta, lakini chakula hakugusa. Daktari alishawaambia wote wawili mezani pake: dawa ya sukari kwenye tumbo tupu humwangusha mtu mzima kama gunia.

Chumba chake na jiko la Mama Birika vinagawana ukuta mmoja, alioujenga mwenyewe, na kwenye ukuta huo ndugu hao walikuwa na lugha yao. Ngumi moja, niache. Mbili, nipo. Tatu, niongeze chakula. Alfajiri Mama Birika aligonga kwa mwiko, akajibiwa mbili. Saa mbili akajibiwa mbili. Saa nne aligonga, akangoja mpaka mkono ukamchoka, ndipo ikaja moja.

Moja ni niache. Au ni mbili iliyokosa nguvu. Hilo hakumwambia mtu.

Akaenda kwa muuza nyama aliyemhifadhia bakuli la bata kwenye friji, akarudi, akaweka mifupa motoni na kitunguu kizima, karoti na kipande cha tangawizi alichokiponda kwa kisigino cha kisu. Huku mifupa inatoa mafuta yake, alichambua nyama kwa vidole, nyuzi kwa nyuzi. Tambi alizivunja katikati akaziweka kando. Tambi ni za mwisho. Tambi hazingoji mtu. Ukiziacha ndani ya sufuria zinakunywia mchuzi wote, ukirudi unakuta uji wenye kamba.

Benchi lilimfuatilia kupitia dirisha kama lililoajiriwa. Wembe ndiye aliyeanza. Alitaka kujua kama mama anampelekea mgonjwa ndege yuleyule aliyemkataa jana.

— Ndiye huyohuyo, alisema Mama Birika. — Sina mwingine.

— Basi hatakula. Yule si kitoweo, ni tusi. Mtu umejenga nusu ya mji huu, unapewa kuku mwenye kiburi.

Hapo kila mmoja akaona kazi yake. Nusu Mwalimu alieleza kwamba siri iko kwenye jina. Mzinga, alisema, hupigwa kuwaheshimu wakubwa, ishirini na mmoja kwa mpigo. Timazi kapewa mmoja. Mtu mwenye hesabu zake lazima aone amepunguziwa ishirini.

Redio akasema hapana, mzinga huo ni ule wa mjini, wa kumpiga mtu umkamue. Msimamizi amempiga mzinga mzee wa watu: kaleta ndege mmoja, kala na wenzake nane.

— Nyie mnaangalia juu tu, alisema Wembe, akishusha sauti. — Mlimwona ule utepe? Kwa nini afungwe shingoni? Ndege wa kawaida hufungwa miguu. Aliyefungwa shingoni kafungwa na maneno yake.

— Na maneno yenyewe, alidakia Redio, — siku hizi hayahitaji mganga. Kuna vidude, Wembe, vidogo kama punje ya mchele. Ukimmeza bata, umemeza na kidude. Ofisini wanakusikia mpaka unakoroma. Timazi alikishtukia, ndiyo maana hasemi.

Mama Birika aliuliza kama kidude hicho kinasikia na upumbavu, au kinachagua. Akageukia ukuta, akagonga kwa mwiko. Benchi likatega sikio. Walihesabu pumzi. Mchuzi ulichemka, ukatulia, ukachemka tena. Ukutani hakukuja kitu.

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Baada ya muda ikaja moja, chini kabisa, karibu na sakafu.

— Amelala chini, alisema Wembe, na safari hii hakuwa na mzaha.

Redio alisimama akasema atavunja mlango. Redio hajawahi kuvunja chochote isipokuwa vioo vya simu za watu, na mlango ule Timazi aliupachika mwenyewe, mbao nzito na komeo la nondo. Nusu Mwalimu alimvuta shati akae. Aliwakumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu.

— Na mwenye sukari akivumilia huzikwa, alisema Mama Birika. — Kaa na methali yako.

Akatia tambi. Sasa hakukuwa na kurudi nyuma. Chakula kilikuwa na dakika zake, na aliye upande wa pili alikuwa na zake. Benchi likaona limebaki jambo moja tu la kusaidia, nalo ni kutafuta jina la kukiita chakula ili Timazi asijue ni yule bata. Wembe alipendekeza kuku. Redio akapendekeza sungura, kwa kuwa Timazi hajawahi kula sungura na hatakuwa na cha kulinganisha. Nusu Mwalimu alishauri pilipili nyingi, kwa sababu asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu la bata ndilo lenye ladha inayojitangaza. Lakini ili washauri vizuri, walisema, ni lazima waonje.

Aliwapa. Kijiko na nusu kila mtu kwenye vikombe vya kahawa, ili midomo ipate kazi nyingine. Wakavuta tambi, wakafumba macho, wakasahau sungura. Kwa muda kidogo benchi lilikuwa na adabu. Kisha Wembe akanyoosha kikombe tena.

— Kimekwisha, alisema Mama Birika, akafunika sufuria.

Wakati huo ndipo alipofika mwanamke wa makamo, plasta imemkaukia kwenye vidole na kwenye pindo la gauni, ameshika kitu kizito kilichoviringishwa kwenye gazeti. Alimwamkia Mama Birika kwa heshima, akawasalimu wanaume, akauliza kama hapo ni kwa Timazi. Yeye ni mpiga plasta, walifanya kazi pamoja miaka saba. Alifungua gazeti. Ndani kulikuwa na uzi uliosokotwa na pia ya chuma iliyochakaa kwa vidole vya mtu mmoja: ile timazi yenyewe, iliyompa kaka jina. Aliisahau kazini, alisema mwanamke, au aliiacha. Yeye hakuweza kuitumia, alihisi uzi unamwangalia.

Benchi zima likampasha habari kwa pamoja. Kwamba mzee kajifungia. Kwamba kamkataa bata. Kwamba ni mizinga ishirini iliyopungua, au utepe, au punje ya mchele. Mpiga plasta aliwasikiliza mpaka wakaishiwa, kama mtu anayengoja plasta ikauke.

— Sherehe si ilikuwa yake? aliuliza.

— Yake.

— Alipakuliwa kipande gani?

Wembe akamtazama Nusu Mwalimu. Redio alikumbuka vizuri sana bawa lake, lilikuwa la kushoto. Wembe alikula paja, alama ya mafuta bado ilikuwa kwenye shati. Nusu Mwalimu alipewa shingo, akaomba na firigisi, akapewa. Msimamizi alipata kidari chote kwa sababu ni msimamizi. Dereva wa msimamizi alikula paja la pili na kufungashiwa. Walizunguka meza nzima kichwani, sahani kwa sahani, na kila sahani ilikuwa na mtu wake na nyama yake.

— Si alikaa pale mwisho? alisema Wembe.

— Pale alikaa dereva.

— Basi alikaa wapi?

Mpiga plasta hakurudia swali. Hakukuwa na haja. Lilikuwa limekaa kwenye ile nafasi tupu ya benchi, limekunja nne.

Mama Birika ndiye aliyekumbuka, akiwa kasimama na kifuniko mkononi. Jana kaka yake alikuwa chini ya meza. Meza ilikuwa inacheza, na Timazi hawezi kuona kitu kinacheza akakiacha. Alipiga magoti kwenye suruali yake ya sherehe, akawa anakata vipande vya boksi na kuvisukuma chini ya mguu, akipima kwa jicho, akitoa kimoja na kuongeza kingine, huku juu yake watu wanapakuliwa. Baadaye yeye Mama Birika alikuwa jikoni hapahapa, anafunika kwa haraka lile bakuli alilolificha. Mpishi gani asiyejiwekea. Sauti ya mwanaume ikauliza nyuma yake, taratibu:

— Kimebaki?

Naye hakugeuka. Alidhani ni mmojawapo wa mafisi wa benchini. Alisema neno moja, lile analolisema kila siku ya Mungu.

Kimekwisha.

Alichukua bakuli, akapakua tambi mpaka ukingoni, nyama juu, mchuzi ukimchoma kidole gumba. Wembe akamkumbusha aseme ni kuku. Hakumjibu. Alizunguka nyumba mpaka mlangoni kwa kaka yake, na wale wanne wakamfuata kwa umbali wa watu wanaojua wamekosa. Alikaa chini kwenye kizingiti, akausogelea mlango kwa mdomo.

— Kaka.

Akalisogeza bakuli mpaka kwenye ufa wa mlango.

— Ni yule bata. Ni kiporo chake, sikudanganyi. Jana uliniuliza kama kimebaki. Kilibaki. Nilikuwa nimekificha.

Ndani kitu kilikwaruza sakafu. Tambi zilikuwa zinanywa mchuzi, aliziona zikivimba, mchuzi ukishuka chini ya ukingo kama maji kwenye mchanga.

— Nilidhani ni Redio, alisema.

Kisha sauti, kavu, kutoka chini kama yake, inchi chache tu kutoka sikioni pake:

— Mimi na Redio tuna sauti moja?

— Sauti hapana. Njaa ndiyo ilifanana.

Nondo ikasogea kidogo. Ikakwama. Mama Birika alitaka kusukuma mlango, akauzuia mkono wake kwa mkono wake mwingine. Nondo ikasogea tena. Mlango ukafunguka upana wa bakuli, mkono ukatoka, umejaa jasho na unatetemeka hivi kwamba ilibidi aushike kwa mikono yake miwili mpaka bakuli lilipokaa sawa. Mlango ukarudi. Komeo halikurudi.

Mpiga plasta aliweka ile timazi kizingitini, kwenye gazeti lake, akaiacha hapo.

Walirudi benchini. Hakuna aliyetoa nadharia. Redio alishika kikombe kitupu kama kina kitu. Mama Birika alisimama jikoni, kiganja kimeegemea ukuta. Halafu wakasikia, kwanza hafifu, mtu anavuta tambi. Akasita. Akavuta tena, safari hii bila haya, kwa ile sauti ambayo mama yao aliwachapia wote wawili. Kijiko kikakwangua bakuli, kikakwangua tena palepale.

Ngumi ikaja ukutani. Moja.

Wembe aliinamisha kichwa.

Ya pili.

— Yupo, alinong'ona Nusu Mwalimu.

Ya tatu ilikuja juu kidogo, mahali mtu aliyeketi kitandani anapofikia.

Mpiga plasta hakuijua lugha ya ukuta huo, ila aliwaona wanaume watatu wakiitazama sufuria kisha wakivitazama vikombe vyao.

— Kimebaki? aliuliza.

Benchi zima likaangalia pembeni. Mama Birika aliondoa sufuria mekoni, akainua sahani iliyokuwa imefunikwa nyuma yake, na chini ya sahani kulikuwa na bakuli: tambi, nyama, mchuzi wake kando kwenye kikombe ili zisiunywe. Cha mpishi. Akaumimina mchuzi juu, akausogelea ukuta.

— Kimebaki, alisema kwa sauti, ili isikike upande wa pili.

— Mama, alisema Wembe taratibu, — si ulituambia kimekwisha?

Mama Birika alikuwa ameshafika mlangoni mwa jiko na bakuli lake. Aliligeuza birika la kahawa kwa mkono uliobaki. Likatoa tone moja, likaisha.

— Kilichokwisha ni kahawa, alisema. — Nendeni kazini.