Benchi Lililokataa Kuhama

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Manyatta, pale njia ya kanisa inapokutana na njia ya posho mill, chini ya mabati ya Mama Emmaculate. Yeye anauza kahawa na mandazi, sisi tunaleta maneno. Benchi ni moja tu. Linatosha makalio saba, limezibwa kwa mbao pande zote mpaka chini, huwezi kupenyeza hata kidole cha mguu, na limekaa hapo tangu mwaka uliofuata ule wa korona. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kimeegemea ukuta huohuo, na wananiita Soli. Nakuambia mapema ili tusisumbuane baadaye: ulikuwa mwezi wa tano, mahindi ya zamani yameisha, mapya bado yako magotini, na kila mwanamume wa kijiwe kile alikuwa anatoka kwake alfajiri kabla hajaulizwa watoto watakula nini. Hakuna aliyekubali kwamba ana njaa. Hata mimi sikukubali. Tulikuwa tunaongeza tu sukari kwenye kahawa.

Asubuhi hiyo Mama Emmaculate alikuwa ameenda sokoni Kibuye kutafuta tangawizi, akatuachia thermos mbili na onyo kwamba tusimwage kahawa kwenye benchi. Kwa kahawa kumwagika pale, mama huyo angeweza kukufukuza wiki nzima. Tulikuwa wanne. Alikuwepo Nahodha, yaani Owiti, aliyevua omena Usenge mpaka boti ikauzwa, na sasa anaendesha boda boda. Alikuwepo Waziri wa Unga, Wepukhulu, Mbukusu mwenye posho mill ambayo siku hizo ilikuwa inasaga upepo. Na Profesa, Okello, aliyepikia wanafunzi kule Maseno miaka kumi na moja, anaamini elimu ilimwingia mwilini pamoja na mvuke wa sufuria.

Akatokea mwanamke mwenye koti la kung'aa na bendera mbili mkononi, nyekundu na kijani. Viatu vyake vilikuwa vya kazi, soli nzuri, kamba mpya. Tulikuwa hatujamwona. Barabara yetu ilikuwa inatiwa lami, na yeye ndiye wa kusimamisha watu na pikipiki.

— Habari zenu wazee. Naitwa Naswa. Hii benchi itoke hapa kabla saa nne. Tinga inakuja, na tinga haina macho.

— Hiyo ni kazi ya dakika moja, Mama, akasema Nahodha, akatema mate viganjani.

Tukashika wanne, kila mtu pembe yake. Moja, mbili, tatu. Benchi halikutikisika.

— Nani hajashika? akauliza Waziri.

— Wewe ndio hujashika! akajibu Profesa.

— Mimi nimeshika mpaka mgongo umelia!

Tukashika tena. Nahodha akaita ule mwito wa kuvuta boti pwani, sauti ikaenda mpaka kanisani. Benchi likakaa palepale, kana kwamba tumelisalimia tu. Tukaachia, tukaangaliana, tukahema.

— Imeota mizizi, akasema Waziri. Kwetu Kimilili kuna nguzo ya boma ilichipuka, saa hii ni mti, watoto wanapanda.

— Mbao kavu haioti, Waziri. Hiyo ni sayansi ya darasa la nne. Hii ni sumaku. Si mnaona ukikaa hapa na simu, chaji inaisha haraka?

— Inaisha juu unapigia watu kuomba, nikamwambia Profesa.

— Soli, wewe shona viatu.

Nahodha alikuwa anazunguka benchi polepole.

— Omera, ndugu zangu, hamjawahi kujiuliza? Kila Jumamosi huyu mama anamwaga majivu hapa chini, kuzunguka yote. Mvua ikinyesha anafunika benchi na turubai kwanza, yeye mwenyewe analowa. Mtu analowa kwa sababu ya benchi?

Kweli tulikuwa tumeyaona hayo yote. Tulikuwa tunayacheka.

— Ni dhahabu, Waziri akanong'ona. Ile ya Siaya. Watu wanachimba, wanaficha mjini.

— Akiwa na dhahabu angeuza mandazi? nikamwuliza.

— Hivyo ndio watu wa dhahabu hufanya!

— Na bwana yake alienda wapi? Nahodha akauliza. Nani amewahi kuona bwana ya Mama Emmaculate? Na benchi ilijengwa lini?

Tuliondoa mikono sote kwa pamoja. Waziri alijipangusa kiganja kwenye suruali mara tatu. Mimi nilikumbuka kwamba bwana huyo yuko Nakuru na mwanamke mwingine, jambo ambalo Manyatta nzima inalijua, lakini hata mimi nilirudi nyuma hatua moja.

Profesa akainua kidole.

— Wazee, mimi nafikiri ni sisi. Miaka minne tunaongea hapa kila siku. Pumzi iko na uzito, hiyo inapimwa. Sasa maneno? Serikali ngapi tumezivunja juu ya hii benchi? Mnafikiri hayo maneno yote yalienda wapi? Yameingia kwa mbao. Hii benchi imejaa.

Mungu anisamehe, kwa dakika nzima nilimwamini. Tulisimama tukiliangalia benchi lile kwa heshima.

— Saa tatu na nusu, akasema Naswa kutoka barabarani.

Nikachukua nyundo yangu ya viatu, nikapiga magoti, nikagonga ubavuni. Sauti haikuwa ya mbao tupu. Ilikuwa nzito, ya kitu kilichoshiba. Nahodha akapiga magoti kando yangu, akapitisha ukucha kwenye maungio ya mbao, akatoa uzi mweupe mchafu.

— Pamba, akasema. Angalieni. Hii imezibwa na pamba. Hivi ndio tunaziba boti Usenge maji isiingie. Hii mbao ni ya boti, Soli. Imekaa kwa ziwa hii.

— Boti Manyatta inazuia maji gani? akauliza Waziri.

Nahodha alikuwa ameweka pua yake palepale alipotoa pamba, macho ameyafumba. Nami nikaweka yangu. Nikasikia majivu, nikasikia nafaka kavu, na nyuma yake, kwa mbali, harufu ya obambla, samaki aliyepasuliwa akakaushwa juani. Mate yalinijaa mdomoni mpaka nikaona aibu, nikajifanya nakohoa.

— Nyasaye, Mungu wangu, akasema Nahodha. Hii ni dero.

— Dero ni nani? akauliza Waziri.

— Dero ni ghala. Ghala ya chakula, ya mama wa nyumba. Mjini hakuna mahali ya kujenga, landlord hawezi kubali. Huyu mama amejenga dero yake ikiwa imelala, akatukalisha juu.

Waziri alishachungulia nyuma, upande wa ukutani, akainua gunia tuliloona siku zote tukidhani ni takataka.

— Kifuniko hii hapa! Imefungwa na kamba tu. Tutoe vitu, tuinue benchi, turudishe. Fungua, Nahodha.

— Mimi? Unataka nife? Mwanaume haweki mkono kwa dero ya mwanamke. Hata bwana yake haruhusiwi. Baba yangu alikaa na njaa siku mbili akingoja mama arudi kutoka matanga, na dero iko hapo imejaa.

— Basi mimi ni Mbukusu. Hiyo sheria hainijui.

Akanyoosha mkono mpaka kwenye kamba. Nikauangalia mkono ule. Ulisimama hapo, kisha ukarudi taratibu mfukoni.

— Hata mama yangu angenichapa, akasema Waziri.

Ndivyo tulivyokaa. Wanaume wanne wenye njaa, chakula kiko umbali wa kamba moja, tinga linasikika upande wa kanisa, na hakuna aliyegusa. Nimeishi Manyatta miaka ishirini na tatu, nimewaona watu hawa wakigombania andazi lililoanguka. Siku ile niliwaheshimu. Nilijiheshimu hata mimi, kidogo.

Boda boda ikasimama. Mama Emmaculate akashuka na mfuko wa tangawizi. Akatuona tumepiga magoti. Akaona gunia limeinuliwa.

— Nani amefungua?

— Hakuna, Mama, akasema Nahodha, kofia mkononi. Tumenusa tu.

Akaangalia barabara, akaangalia bendera ya Naswa. Akashusha pumzi. Akafungua kamba mwenyewe, akainua kifuniko, akaegemeza ukutani.

Sijui nikueleze vipi. Mtama mwekundu kwenye madumu ya plastiki, mpaka shingoni. Mahindi. Maharagwe yamechanganywa na majivu mpaka yamekuwa ya kijivu. Muhogo mkavu mweupe umepangwa kama chaki. Majani ya kunde yaliyokaushwa, mfuko baada ya mfuko. Obambla zimefungwa kwa magazeti, na gazeti moja lilikuwa na habari tuliyoibishania hapohapo juu ya benchi mwaka juzi mpaka Profesa na Waziri wakanyimana salamu. Hakukuwa na mdudu hata mmoja. Kila kitu kilikuwa kimekauka, kimetulia, kinangoja.

— Wele wange, Mungu wangu, akasema Waziri.

— Tumekalia, akasema Profesa. Hiyo tu. Halafu akarudia. Mwezi wa nne tuliongea njaa hapa wiki nzima. Tumekalia.

— Ni mbao ya boti ya baba yangu, akasema Mama Emmaculate. Aliniambia kitu yenye inazuia maji isiingie inaweza kuzuia chakula isiharibike. Nakausha nyumbani Usenge, naleta kidogo kidogo kwa mfuko ya sukari. Kila punje nauma na meno kwanza. Isipolia ko, haijakauka, hairuhusiwi kuingia.

— Lakini Mama, kwa nini ulificha hata sisi?

— Soli, nilikuwa naficha nyinyi haswa! Mnakula maneno tu, lakini mdomo ni mdomo. Mwaka wa korona, wakati mji ilifungwa, nilikaa siku tatu na strungi pekee, chai ya rangi na sukari. Hapa. Mbele yenu. Nilikuwa nawamiminia kahawa nikicheka. Nani alijua? Nani aliuliza? Nikaapa haitanipata tena.

Siku hizo tatu tulikuwepo. Labda tulikuwa tunazungumzia njaa.

Naswa alikuwa amesogea, bendera zake kwapani. Alichungulia ndani ya benchi, akapiga mluzi mdogo.

— Aki Mama, wewe ni mtu. Sasa hii ni nzito juu ya chakula. Mnangoja nini? Si mtoe, mpatie wenye hawajakula. Kwani hapa nani hajakula?

Swali rahisi. Profesa, mtu mwenye jibu la kila kitu, alikagua kofia yake. Waziri alikagua mawingu. Mimi niliangalia viatu, kama kawaida yangu. Jozi nne zilizochoka, na zangu ndizo mbaya kuliko zote, na mimi ndiye fundi. Nilitaka kusema. Neno lilifika kwenye meno likarudi.

Mama Emmaculate akatuangalia mmoja mmoja.

— Hawatakuambia, dada. Hawa wako na midomo ya kuongea serikali. Lakini mimi najua. Nahodha, ulikuwa unaweka vijiko mbili. Sasa unaweka sita. Waziri, tano. Profesa unajaza mpaka kijiko inasimama. Akanigeukia. — Na wewe Soli, miaka yote unakunywa chungu. Wiki mbili sasa unaweka nne, ukidhani nimeangalia kando. Sukari ndio chakula ya mtu mwenye hataki kuomba. Mimi niliila siku tatu.

Nililia. Sina haja ya kuificha. Nilisema ni vumbi la barabara, na kwa wema wao wote wakakubali ni vumbi.

Akavua viatu, akaingia ndani ya benchi na gorogoro, lile bati la kupimia. Hakuruhusu mkono mwingine. Alipima mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akiuliza watoto ni wangapi, na safari hii tulijibu ukweli. Mtama, mahindi, samaki wawili wawili. Kila nyumba aliipa kiasi chake, na kwake yeye akabakisha kidogo kuliko nilivyotaka kuona.

— Hii si zawadi, akasema. Mavuno ikifika, kila mtu analeta yake hapa, kavu. Nitauma. Isipolia, unarudi nayo nyumbani kwako. Waziri, enda washa mashini. Na wewe dada wa bendera, leta lesso yako.

— Mimi nimekula, Mama, akasema Naswa.

— Vijiko ngapi?

Naswa akacheka, kisha akaacha kucheka, akatandika lesso.

Benchi likainuka. Wanne tu, mikono miwili miwili, tukavuka nalo barabara huku Naswa amesimamisha pikipiki zote kwa bendera nyekundu, na tinga likangoja nyuma yao. Tukaliweka upande wa pili, chini ya ukuta wa kanisa. Mama Emmaculate akamwaga majivu kulizunguka, ingawa haikuwa Jumamosi, kisha akamimina kahawa yenye tangawizi mpya. Posho mill ilikuwa imeanza kunguruma. Hakuna aliyeomba sukari.

Naswa alichukua kikombe chake, akaja, akatukuta tumesimama mstari mmoja, kahawa mkononi, benchi mbele yetu halina mtu.

— Sasa mbona hamkai? akauliza. Si ni benchi yenu?

Tukaangaliana. Mpaka kahawa ikaisha, hakuna aliyekaa juu ya dero ya Mama.