Bi Mlango na Komeo la Stoo

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi, poleni kwa msiba. Mama tunayemsindikiza leo wengi mlimwita Bi Mlango, na mengi ya maisha yake mnayajua. Lipo moja ambalo hata wanawe hawakulijua mpaka mwezi uliopita. Aliagiza lisomwe hapa. Aliliogopa miaka arobaini na minne, na siku anaagiza alikuwa bado analiogopa. Kwa hiyo sauti ya msomaji ikikwama, mvumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1960, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mchoma matofali, mama yake mfua nguo za watu. Walikaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha unga, na kinu kikiwashwa vikombe vilicheza kabatini. Alikuwa mtoto wa kujificha. Aliingia kabatini, akajifungia, akalala humo mpaka wamtafute mtaa mzima. Wakati huo mlango uliofungwa haukumtisha hata kidogo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1967 hadi 1973, akaingia sekondari mwaka mmoja tu, baba akaugua, masomo yakaishia hapo. Mwaka 1978 alipata cheti cha ushonaji. Cheti hicho kiko ukutani sebuleni mpaka leo, kimefifia kama chai ya mara ya pili.

Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa kiwanda cha mashati, upande wa kola, mashine namba kumi na moja. Msimamizi wao walimwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Alikuwa mcheshi. Akipita, watu walicheka, na waliocheka sana ndio waliomwogopa zaidi.

Alhamisi ya tarehe 21 Februari 1980, Futi alimtuma stoo akachukue nyuzi nyeupe. Akamfuata. Akafunga komeo kwa ndani.

“Njoo nikupime,” akasema, anacheka kama anayetania.

Hakumpima kwa futi, alimpima kwa mikono. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimwomba amwache, akamwomba tena. Alipomwachia, alimwambia maneno aliyoyabeba mama huyu mpaka kitandani hospitalini: “Nani atakuamini? Humu tulikuwa wawili.”

Hilo ndilo jambo lenyewe. Alirudi mashineni na nyuzi mkononi, akashona mpaka kengele, na hakuna kola yake hata moja iliyorudishwa.

Hakumwambia mtu. Lakini wanawake wa kola walikuwa na utaratibu wao ambao haukuandikwa popote. Mmoja akisema, “Nyuzi zimeisha,” wanasimama wawili. Futi akiuliza, “Nyuzi zina uzito gani hata zibebwe na watu wawili?” wanamjibu, “Mgongo, bosi.” Hapo ndipo marehemu alipojua kwamba hakuwa wa kwanza. Badala ya kupata nafuu, aliogopa zaidi.

Ndoa yake ilianzia kwenye mashine hiyo hiyo namba kumi na moja. Fundi mashine, ambaye ndiye baba yetu mliyemkuta ameketi pale mbele, alikuwa akiitengeneza kila siku.

“Hii ina ugonjwa gani usiopona?” Futi alimuuliza.

“Inataka uangalizi wa karibu, bosi,” akajibu, na mstari mzima wa kola ukainamisha vichwa ili usicheke.

Fundi alikuwa na macho. Aliona wanavyokwenda stoo wawili wawili. Siku moja alifika na bisibisi, akang'oa komeo, akalitia mfukoni. Futi akauliza nani kalitoa. “Lilikuwa limeoza,” akasema fundi. Lilikuwa la chuma, bado linang'aa. Jioni akampa binti mkononi. “Sijui kilichotokea mle, na sikuulizi,” akamwambia. “Ila mlango ule hautafungika tena.” Wengine huchumbiwa kwa pete. Walioana tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 alifanywa msimamizi, na mwaka 2003 akawa afisa mafunzo. Kazi yake ikawa kufundisha mameneja wazuie unyanyasaji wa kingono kazini, kwanza pale kiwandani, kisha maofisini na hospitalini. Alianza kwa kuweka komeo mezani bila kusema lilitoka wapi. Halafu alimkalisha meneja mmoja kwenye kigoda, akamsimamisha mwenzake kati ya kigoda na mlango, mikono mfukoni, kimya, dakika moja kwa saa ya ukutani. Wanaume wazima walitoka jasho. Baada ya hapo ndipo alipofundisha. Usimtume mtu peke yake mahali pasipo na dirisha. Ukizungumza na mfanyakazi, mlango wazi. Sanduku la malalamiko lisikae mlangoni pa ofisi ya anayelalamikiwa. Anayekuja kusema, msikilize kwanza, uchunguze baadaye, na usimhamishe yeye ukamwacha aliyemkosea.

“Sasa Bi Mlango, hata salamu itakuwa kosa?” kulikuwa na mmoja wa kuuliza hivyo kila mara.

“Salamu haihitaji komeo, baba.”

Alikosea mara moja, na aliagiza kosa hilo nalo lisifichwe. Mwaka 2005 alitoa mfano darasani. Jina hakulitaja. Alisema tu mfanyakazi wa vifungo, zamu ya asubuhi, aliyetoka likizo ya uzazi. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Kufika chakula cha mchana kiwanda kizima kimemjua, na wiki mbili baadaye yule dada akaacha kazi. Marehemu alimfuata nyumbani kumwomba radhi. Dada akamjibu akiwa ndani, “Jina ulilificha, mama, lakini mimi ulinianika.” Akarudi mara ya pili, hakufunguliwa. Mara ya tatu akafunguliwa. Kama dada huyo yuko hapa leo au hayupo, hatusemi.

Kisha ukaja mwaka 2011. Aliingia darasani, akamwona Futi amekaa safu ya pili. Alikuwa meneja mkubwa wa kampuni nyingine, nywele nyeupe, kicheko kile kile. Marehemu alimwaga maji alipotaka kunywa. Ulipofika wakati wa kigoda, aliwaita mameneja mmoja mmoja kwa mpangilio wa viti, na alipofika kwake akamruka. Futi alilitazama komeo mezani, akatabasamu. Nyumbani alimwambia mumewe maneno mawili tu: “Leo nimeogopa.” Tangu siku hiyo kila aliposifiwa kwa ujasiri alibadilisha mazungumzo. Aliona anawafundisha watu kusema, naye mwenyewe amenyamaza.

Alistaafu mwaka 2020. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alilazwa tarehe 30 Septemba mwaka huu, na akataka mlango wa wodi uachwe wazi.

“Bibi, baridi itakuua,” muuguzi akamwambia.

“Afadhali baridi, binti yangu. Hiyo naiona inapoingia.”

Hapo ndipo alipowaeleza wanawe. Mjomba, mdogo wake, hakukubali. “Dada, mambo ya stoo nenda nayo. Watu watasema.”

“Nilipofundisha walisema. Nilipokuwa kimya walisema. Waache.”

“Na yule bwana akija mazishini?”

“Naogopa,” akasema. “Hata nikiwa maiti nitaogopa. Lakini mkinizika nalo, mtakuwa mmenifungia komeo tena.” Mjomba akafunika uso kwa kofia yake, akasema haya, dada.

Jina halisi la mtu yule alikataza lisitajwe. “Mkilitaja, watamtazama yeye,” alisema. “Nataka kila meneja akirudi kazini atazame mlango wake.”

Alifariki Jumanne tarehe 5 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mume wake amemshika mkono, mlango uko wazi, watu wanapita.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Ameacha pia mameneja ambao hakuna mtu anayeweza kuwahesabu, na wanawake ambao huenda hawamjui ila wanaingia stoo peke yao bila kugeuka nyuma. Komeo hatumziki nalo. Liko mfukoni mwa baba, na kesho kutwa anampelekea atakayefundisha baada yake.

Kama yule bwana yuko katikati yetu, amesikia. Tulikuwa tunaogopa wote, na bado tunaogopa, lakini leo humu hatuko wawili.

Mama, limesomwa. Sasa upumzike kwa amani.