Jeneva ya Khalfani

Mwaka ule wa tisini na sita, Tegeta ilikuwa bado na vichaka kati ya nyumba na nyumba, na majani ya mihogo yalikuwa meupe kwa vumbi la saruji. Pale kwenye mashine ya kusaga, ubavuni mwa ukuta, palikuwa na benchi lililotengenezwa kwa ubao wa bodi la lori kuukuu. Alasiri mashine ikizimwa, Hija muuza kahawa alikuwa akitua birika lake na jiko lake la mkaa, na benchi likajaa. Hapo mtu haitwi jina alilopewa na wazazi wake. Nurdin, aliyepunguzwa kazi kiwanda cha nguo, aliitwa Risala, kwa kuwa hawezi kuomba kashata bila kuanza na "ndugu wananchi." Na Khalfani, mpishi mstaafu, mtoto wa mjini wa kuzaliwa, aliitwa Jeneva.

Jina hilo lilikuwa na chanzo chake. Khalfani alipika miaka kumi na nne huko Oysterbay, nyumbani kwa mtu na mkewe kutoka Uswisi. Madam Klara alizaliwa Jeneva, mji uliokaa kwenye ncha ya ziwa. Bwana akienda kazini, Madam alikuwa akivuta kigoda jikoni, anamenya viazi pamoja na Khalfani, na kwa Kiswahili alichofundishwa naye anamsimulia kwao. Hakumsimulia mazuri matupu. Alimpa na yale ambayo watu hawayaandiki kwenye kadi za posta. Khalfani alisikiliza, akahifadhi.

Wale watu waliporudi kwao, Khalfani akaanza kukaa kijiweni, na hadithi zikaanza kutoka. Siku moja Risala alimtambulisha kwa mgeni: "Huyu kakaa Jeneva miaka kumi na nne." Khalfani alikuwa na kashata mdomoni. Mpaka anaimeza, maongezi yalikuwa yameshahamia kwenye mpira. Kesho yake akaona kusahihisha ni kumwaibisha rafiki. Keshokutwa akaona raha. Ikapita miaka tisa.

Na kwa kweli alijua kusimulia. Siku aliyotoa habari ya wimbi, hata wenye mashine waliacha kufagia pumba. Alisema zamani sana, miaka elfu moja na mia nne iliyopita, mlima uliporomoka kule mwisho wa pili wa ziwa, maji yakainuka, yakasafiri ziwa zima, yakaruka ukuta wa mji na kubeba daraja na vinu vya kusagia.

— Wimbi la bahari, ndani ya ziwa? Hija aliuliza.

— Ndani ya ziwa.

— Basi ule si mlima. Lile ni jini limekosa sadaka.

— Hakuna jini, ndugu wananchi, Risala alisema. Wakubwa wa dunia walichimba chini ya ziwa wafiche pesa zao, ziwa likacheua. Na yale maji uliyotusimulia, wanayoyarusha kutoka ziwani mpaka leo, juu kuliko minazi mitano iliyopandiana, ni ziwa linaendelea kucheua.

Khalfani alimkumbusha kwamba zama hizo hakukuwa na benki. Risala akafikiri kidogo, akasema wakubwa walikuwepo.

Ikaja habari ya maadui waliouvamia mji kwa ngazi, na mwanamke mmoja akawamwagia chungu cha supu ya moto kutoka dirishani. Risala alifurahi, akasema ndiyo maana wahenga wakanena, mgeni njoo mwenyeji apone. Ikaja ya mke wa mfalme mkuu wa nchi nyingine, aliyechomwa kwa tupa iliyonolewa akitembea kando ya ziwa. Aliinuka, akawashukuru waliomwinua, akatembea mpaka kwenye meli, asijue kwamba ameshakufa. Khalfani alikuwa akisimama na kuitembea safari ile, mkono kifuani, mpaka kwenye gunia la mwisho la pumba pale ukutani. Ikaja na ya daktari aliyechomwa moto hai kwa sababu ya kitabu alichoandika juu ya Mungu. Hija alihuzunika kikweli.

— Wamemchoma daktari. Halafu wakiumwa?

Mwezi wa saba, ndipo Khalfani aliposimulia ile ambayo asingeisimulia kama angetazama nani kakaa benchini.

Alisema kwamba mwaka elfu moja mia nane tisini na sita, miaka mia kamili iliyopita, kulikuwa na maonyesho makubwa mjini Jeneva, mfano wa Sabasaba yetu. Ndani ya maonyesho yale walijenga kijiji cha udongo, wakaleta Waafrika zaidi ya mia mbili, wengi kutoka upande wa Senegali. Wakaishi humo miezi, wanapika, wanafua, wanasali, wananyonyesha, na watu wa mji wanakata tiketi kuja kuwatazama. Wengine walifia hukohuko. Akaongeza kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia: "Mie pale mahali napajua. Leo watu wanapita tu."

Mwisho wa benchi alikuwapo Polikarpo, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago pale Mwenge. Alikuwa mtu wa maneno machache, jirani mwema, aliyejenga nyuma ya mashine. Aliweka kikombe chini kikiwa na kahawa nusu, akaaga, akaondoka.

Kilichokuwa kinaendelea nyumbani kwake wote walikijua, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa umesherehekea. Binti yake Yuliana, mkunga, alikuwa amepata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Jeneva. Polikarpo mwenyewe aliwahi kumwambia Khalfani kwa fahari: "Mtoto anakwenda kwenye mji wako." Lakini jioni ile aliingia ndani, akamwambia Yuliana kwamba haendi.

Siku ya tatu, Jumamosi, Yuliana alikuja kijiweni. Hakukaa. Alisimama mbele ya benchi na sare yake ya kazi, akawaamkia wote shikamoo, kisha akamgeukia Khalfani.

"Baba Munira, mzee kanikatalia safari. Anasema akifumba macho ananiona nimezungushiwa uzio. Nimemwambia hayo ya zamani, anasema Khalfani kakaa kule, Khalfani ndiye anayejua. Hamsikii padri, hamsikii mkubwa wangu wa kazi. Anakusikia wewe. Jumatatu natakiwa nitoe jibu, nisipotoa nafasi anapewa mwingine. Naomba ukaseme naye."

Khalfani aliitikia, nitasema naye, mwanangu. Binti alipokwenda zake, Risala akamsogelea na kumpangia la kusema. Amwambie Polikarpo kwamba kule alikuwa anapishwa njia, alikuwa anakaribishwa chai na majirani, hakuna aliyemgusa. Akamalizia: "Mficha uchi hazai, braza. Kwa hiyo wewe ficha, mtoto aende." Risala hakujua kwamba hicho cha kufichwa ni kikubwa kuliko alivyodhani.

Khalfani alikwenda nyumbani. Mkewe Mwajabu alikuwa barazani anachagua mchele. Alimweleza yote. Mwajabu aliendelea kuchagua, akatupa mawe mawili, ndipo akasema: "Miaka tisa mie ni mke wa mtu wa Ulaya, na sijaonja hata peremende yake. Nilikuwa nacheka, kwa kuwa hakikumdhuru mtu. Sasa kimedhuru. Usimfungie binti wa watu njia kwa ajili ya benchi."

"Nikisema ukweli, Polikarpo atasema hata hadithi zenyewe nimezibuni."

"Atasema. Utamvumilia."

Jumapili alasiri Polikarpo alikuja kijiweni ametoka kanisani, shati limenyooshwa. Bila shaka Yuliana ndiye aliyemsihi aje. Risala alimpisha nafasi karibu na Khalfani, Hija akamimina kahawa bila kuambiwa. Khalfani alikuwa amedhamiria kusema kweli. Lakini alipoona nyuso zile zimemwelekea kama zilivyomwelekea miaka yote, ulimi ukashika njia yake ya zamani. Akaanza kwamba yeye alipokuwa kule, kwa kweli watu ni wastaarabu, mambo ya uzio ni ya mababu zao, na mgeni anaishi kwa raha tu.

Polikarpo alimwacha amalize. Kisha akauliza.

— Walikutazamaje?

— Kivipi, kaka?

— Mie pale Mwenge nachongaga, watalii wanasimama. Wako wanaotazama kinyago. Wako wanaonitazama mie, mikono yangu, miguu yangu, kana kwamba mie ndiye kinyago. Hata nikiwa nimeinama najua nani anatazama nini. Wewe ulikaa kule miaka kumi na nne. Ulikwenda sokoni, ulipanda gari zao, ulipishana nao njiani. Nataka kujua hilo moja tu. Walikutazamaje?

Khalfani alikuwa na majibu. Mtu aliyeweza kumtembeza mke wa mfalme mpaka kwenye gunia la mwisho hawezi kukosa jibu. Aliyaona yakija, moja baada ya jingine, mazuri yote. Lakini mwenzake hakuwa anauliza kwa ajili ya kupitisha alasiri. Alikuwa ameinama mbele, viganja vyake vyenye makovu ya patasi vimekamatana, anasubiri neno ambalo angelibeba nyumbani na kumpangia nalo mtoto wake maisha.

— Sijui, Khalfani alisema. Sijafika.

Risala alimwuliza hajafika wapi.

— Jeneva. Sijafika Jeneva, sijapanda ndege. Mbali nilikofika ni Morogoro.

Akawaeleza, macho yako chini, habari ya kigoda na viazi na Madam Klara. Akasema hadithi si za kubuni, zimesimuliwa na mwenyeji, ila miguu iliyotembea ndani yake si ya kwake. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kijiweni, kwa sababu lingefichua alikolipata. Habari ya kijiji cha udongo Madam aliisimulia mara moja tu, na siku hiyo kisu kilisimama kwenye kiazi. Bibi yake mzaa mama alipelekwa kutazama, akiwa na miaka minane. Alisimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa anaosha mtoto. Yule mama aliinua uso, wakatazamana, kisha akamgeuzia mgongo na kuendelea na kazi yake. Yule bibi aliishi mpaka uzeeni, na aliwaambia wajukuu kwamba pale ndipo alipojua kwa mara ya kwanza kwamba amefanya utovu wa adabu. "Madam akaniambia, nakusimulia wewe ili uisikie kwa mtu wa kwetu kabla hujaisikia kwa mwingine. Mie nikaja kuifanya ya kupigia soga."

Risala ndiye aliyeinuka. Hakupiga kelele. Alisema miaka tisa amewatambulisha watu kwa Khalfani, mpaka mkwe wake, akashika redio yake na kuondoka.

Polikarpo alibaki amekaa. Khalfani alingoja tusi, halikuja.

— Kwa hiyo hapa hakuna aliyefika.

— Hakuna.

— Mie nilimkataza mtoto kwa neno la shahidi. Polikarpo alisema, akiyapangusa magoti yake kama mtu anayepangusa vumbi la mti. Shahidi hayupo. Basi aende akaone. Akitazamwa, na yeye ana macho. Kama yule mama.

Aliinuka, akampa Khalfani mkono, akaondoka kwa mwendo wa haraka, kwa kuwa kesho ilikuwa Jumatatu.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Khalfani. Habari ilitembea mpaka Boko, na vijana wakamwuliza hali ya hewa ya Morogoro. Alikwenda kijiweni hivyohivyo kila alasiri, kwa sababu Mwajabu alimwambia asipokwenda leo hatakwenda tena. Risala alikosekana siku nne. Siku ya tano alikuja, akakaa mwisho wa benchi, redio mapajani, akakunywa vikombe viwili kimya. Kufika cha tatu, kimya kikamshinda. Akasema, akitazama barabarani, kwamba kama mtu anataka kusimulia tena ile ya supu, anaweza, mradi aisimulie kama alivyoambiwa na Madam. Khalfani akaisimulia. Ilikuwa fupi kidogo kuliko zamani, na Hija alisema imekuwa tamu zaidi, ingawa huenda alisema hivyo kwa huruma.

Yuliana aliondoka mwezi wa tisa. Siku ya kuondoka alipita kwa Mwajabu kuaga, akamkuta Khalfani, akamshika mikono na kusema ahsante baba, bila kueleza ya nini.

Juma moja baadaye, Polikarpo alikuja kijiweni mapema kuliko kawaida yake, Hija akiwa bado anapuliza mkaa. Alikaa katikati. Simu ilikuwa imepigwa ofisini kwa padri: mtoto amefika salama, kapewa chumba. Alinywa kikombe chote, akakigeuzageuza, kisha akauliza.

— Kule sasa hivi ni saa ngapi?

Risala alisema wale ndio wanaotengeneza saa za dunia, kwa hiyo lazima wawe mbele yetu, mpishi huonja kabla ya wageni. Hija akakataa, akasema jua linaanzia upande wetu, hivyo wao wako nyuma, tena nyuma sana, ndiyo maana kuna baridi. Risala akadai kama wako nyuma basi Yuliana bado hajaondoka. Walibishana hivyo birika likipungua, mpaka Polikarpo akamgeukia Khalfani.

Khalfani alikumbuka kwamba Madam, kabla ya kumpigia simu dada yake, alikuwa akisimama mlangoni mwa jikoni anahesabu kwa vidole. Lakini kama alikuwa anahesabu kwenda mbele au kurudi nyuma, hakukumbuka. Hakuwahi kutazama.

— Sijui, kaka, alisema.

Polikarpo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakihitaji. Akatazama jua, lililokuwa bado liko juu ya paa la mashine.

— Basi wawe mbele, wawe nyuma, alisema, kule bado mchana. Yuko macho.

Hija aliinamisha birika, likatoa tone moja na vumbi la kahawa. Hakuna aliyeinuka.