Mkunga Aliyenijia Masikioni

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu. Mimi ni Nekesa, mama wa huyu mtoto aliyelala mgongoni. Wengi wenu mnanijua kwa kunyamaza, kwa hivyo nivumilieni. Leo shukrani ndiyo imenisukuma mbele.

Mama yangu alifariki siku niliyozaliwa. Mama yake naye alikufa akijifungua. Kwetu Bungoma walisema ni laana ya ukoo, na kwamba siku nitakayoshika mimba nianze kuaga watu. Hakuna aliyeniambia uso kwa uso. Nilisikia tu, nikiwa mtoto, watu wazima wakidhani nimelala. Neno la namna hiyo halitoki.

Nikaja Nairobi, nikaolewa na Wafula, anayechapisha kadi za harusi kule River Road, tukapanga nyumba ndogo mtaani Jamhuri. Nilipopata mimba, Wafula aliimba. Mimi sikununua hata soksi ya mtoto. Kliniki waliponiuliza kama kwetu kuna shida yoyote ya uzazi, nikasema hakuna. Niliona nikilitaja jambo lile nitaliita.

Kazi yangu ni ya kompyuta: nasikiliza sauti za watu wa ng'ambo na kuandika wanachosema. Miezi hiyo nilipewa sauti ya bibi mmoja wa Marekani, mzee sana, akiwasimulia wajukuu wake watu wa ukoo wao na kazi walizofanya. Alisema polepole, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake bila kuwasha taa.

Ndugu zangu, mimba ile ilinipa usingizi wa ajabu. Mchana naketi dirishani, jua linanigusa mashavu, sauti ya bibi iko masikioni, na wale watu wanaanza kuingia. Kuna babu aliyechimba visima. Alijua maji yako karibu kwa baridi ya udongo kwenye viganja. Kuna mwingine aliyetengeneza magurudumu ya mikokoteni. Kuna mwanamke aliyewapikia wajenzi wa reli, theluji ikianguka ndani ya sufuria. Sikujua kama naota au naandika. Niliwaona wakipangusa miguu mlangoni na kupita sebuleni kwangu, na hakuna aliyenitisha.

Siku moja bibi akafika kwa nyanya wa mama yake, ambaye alikuwa mkunga. Mama wa huyo mkunga alikufa akijifungua, na dada yake vivyo hivyo. Watu wakamwogopa. Yeye akajifunza ukunga. Akiitwa kwa mwanamke mwenye mimba, hata kabla hajavua kofia, aliuliza, "Mama yako alijifungua vipi? Na mama yake?"

Bibi akacheka kidogo. "Hakuwa akitafuta mchawi," akasema. "Alitaka kujua aje na nini."

Vidole vyangu vilisimama. Nikarudisha sauti nyuma, nikasikiliza tena, machozi yakinitoka. Kwa miaka nilikuwa nimemwomba Mungu aseme nami, na sikutarajia angeniuliza swali.

Nikampigia Mama Mdogo Rose, ndugu wa mama, kule nyumbani. Nikamuuliza, "Mama yangu alijifungua vipi?"

Nikamsikia akivuta kiti.

"Ulitoka vizuri," akasema. "Ukalia. Akakushika, akauliza kama una nywele. Halafu damu ikaanza kutoka, haikukoma. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari likakosekana. Nyanya yako pia ilikuwa ni damu."

"Kwa hivyo si laana?"

"Nekesa, nani alikuambia ni laana? Sisi tulinyamaza kwa sababu ilituuma."

Kisha, bila kuulizwa, akaniambia kwamba mama alikuwa fundi wa kushona, na nyanya alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vikijulikana kwa midomo myembamba. Maisha yangu yote niliwajua kwa kufa kwao tu. Siku hiyo walipata mikono.

Kesho yake nikaenda kliniki na Wafula, nikamwambia muuguzi kila kitu. Hakushtuka. Alisema, "Asante kwa kusema, mama. Wewe utajifungulia hospitali kubwa, na damu ya kundi lako iwe tayari."

Na damu ilitoka, ndugu zangu. Mtoto alilia, nikahisi joto likinishuka miguuni, na dari ikaanza kwenda mbali. Nikawaza, sasa ni zamu yangu. Lakini daktari na wauguzi walikuwa wamejiandaa, dawa mkononi, damu imetundikwa. Nikasikia mmoja akisema, "Tulijua, mama. Tuko hapa." Nilikwenda mbali, mahali penye mwanga mwororo, kisha nikarudi. Wafula alikuwa amenishika kidole kimoja, kwa kuwa mkono wenyewe ulikuwa na mrija.

Namshukuru Mungu aliyenitoa. Namshukuru kwa yule bibi ambaye hanijui wala hatajua. Pengine kuna mtu hapa amebeba neno alilolisikia utotoni, na linamwongoza mpaka leo. Mtegemee Mungu, ulitamke, uulize. Na kama ni dada mwenye mimba anayeogopa kliniki, Jumanne asubuhi nampeleka mtoto chanjo. Tupatane Dagoretti Corner, upande wa maduka, twende pamoja. Hata ukichelewa, nitakungoja.