Mama Pacha Anatafuta Cheti cha Kurudi Nacho Kazini

Benchi letu liko kwenye kibaraza cha duka langu la ushonaji, mkabala na kinyozi. Mguu mmoja umewekewa kipande cha tofali, kwa hiyo anayekaa upande ule hukaa kwa adabu. Jioni wanakuja walewale. Kuna kinyozi mwenyewe, tunayemwita Profesa kwa sababu hawezi kukunyoa bila kukufundisha kitu. Kuna Chaji, fundi simu. Kuna na Mzee Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kila mazungumzo yakinoga lazima ayakanyagie breki. Muuza kahawa huweka birika lake pembeni na kutusikiliza bila kutuamini. Alhamisi hiyo tulikuwa na mtu wa ziada: Mama Pacha, jirani yetu, aliyeniletea koti lake la zamani la kazini nilipanue kiunoni. Mimi nilikuwa mlangoni nafumua mshono. Yeye alikuwa amekaa upande wa tofali, anaiwasha simu na kuizima, anaiwasha na kuizima, wala hasomi kitu.

Mtaa mzima unajua kwamba zamani alikuwa mtu wa kompyuta. Alisimamia mfumo wa hospitali kubwa: mgonjwa akiandikishwa mapokezi, daktari anamwona kwenye skrini, na dawa zinatoka dirishani. Ukikwama, anapigiwa yeye. Kisha akajifungua pacha kabla ya wakati, wana mapafu dhaifu, akaacha kazi ili wapone. Wamepona. Sasa wako darasa la kwanza, wanapanda kila ukuta, na mama yao anataka kurudi.

— Chuo kinafunga usajili leo jioni, alisema. Kuna kozi tatu za vyeti: ya wingu, ya usalama wa mitandao, na ya uchambuzi wa data. Baba Pacha amekubali kukaa na watoto jioni, lakini kwa kozi moja tu. Nikichagua vibaya ndiyo basi.

— Wingu, alisema Chaji bila kufikiri. Dada yangu, chukua wingu. Siku hizi ofisi hazinunui kompyuta kubwa. Kila kitu kiko winguni.

— Wingu gani lisilonyesha? aliuliza Mzee Breki.

— Mzee, hizo ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali huko. Wewe unakodi nafasi, unaweka vitu vyako.

— Kumbe ni nyumba ya kupanga! Siku mwenye nyumba akiamka vibaya, vyombo nje. Hospitali nzima inakaa nyumba ya kupanga? Mimi siafiki.

Profesa alikuwa amemwacha mteja na sabuni shingoni, amevuka njia na kitana mkononi.

— Sikilizeni. Mimi nanyoa kwa sababu nywele haziachi kuota. Wezi nao hawaachi kuota. Usalama, mama. Wezi wote wamehamia kwenye kompyuta, huku mitaani wamebaki wale waliofeli.

— Lakini hao wezi wamesomea wapi? aliuliza Chaji.

— Hukohuko chuoni! Wanakaa dawati moja na walinzi. Mtihani ukiisha, mmoja anaenda kulinda, mwenzake anaenda kuiba, na wanaendelea kupigiana simu wakiwa na shida.

— Basi achukue data, alisema Mzee Breki.

— Unajua data ni nini, Mzee?

— Si ndiyo hiyo inayoisha kwenye simu yangu kila wiki? Kitu kinachoisha kila wiki kina soko.

Muuza kahawa aliangalia pembeni ili asicheke. Mama Pacha hakucheka. Alishika kikombe kwa mikono miwili na kahawa ikawa inapoa humo.

— Juzi nilijaribu maswali ya mazoezi, yale ya usalama, alisema. Swali la pili tu, neno lenyewe silijui. Wakati naacha kazi halikuwepo. Nikarudi kwenye ya wingu, huko ndiyo kabisa. Nikaifunga kompyuta nikaenda kufua.

— Mimi nina binamu, alisema Chaji kwa sauti ya kumfariji, ana vyeti vinne. Vimejaa ukutani mpaka saa imekosa pa kutundikwa.

— Anafanya kazi wapi?

— Anasomea cha tano.

— Chaji, nilimwambia, unamsaidia au unamzika?

— Nasema ukweli, fundi! Mwishowe hata vyeti havitasaidia. Usaili wenyewe utafanywa na kompyuta. Itakuuliza swali, na wewe utakuja na kompyuta yako ikujibie. Mashine mbili zinaongea, binadamu mmekaa mnatazamana.

— Na zikipendana zitaajiriana, alisema Profesa. Zitapeana na likizo.

— Likizo ya uzazi, aliongeza Mzee Breki, tuone zitazaa nini.

Hapo benchi likalipuka. Mteja wa Profesa, na sabuni yake shingoni, alikuwa amesimama mlangoni kwa kinyozi anacheka na yeye. Mama Pacha aliinua uso akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeuliza njia akaishia kuimbiwa.

— Jamani, alisema polepole. Wanafunga leo.

Kicheko kikakatika. Mimi nilirudi kwenye mshono wangu. Aibu ilinishika kidogo.

Wakati huo ndipo alipofika dada wa mume wake, mwalimu wa chekechea, rangi za watoto bado ziko kwenye kucha zake.

— Wifi, nimekutafuta nyumbani, alisema.

Chaji akachomoa simu. — Wifi? Ya bure? Mbona simu yangu haijaiona?

— Wifi ni mimi, na wewe nywila hupewi, alijibiwa.

Mwalimu akakaa, akapokea kahawa, akaelezwa habari yote, na kila mtu alimweleza kivyake. Wingu, wezi, nyumba ya kupanga, likizo ya uzazi. Alisikiliza hadi mwisho kama anavyowasikiliza watoto wake wa chekechea. Kisha akamgeukia Mama Pacha peke yake.

— Wifi, yule bosi wako wa zamani aliyekupigia Jumapili, tulipokuwa tunachambua mboga. Alikuuliza una cheti gani?

Mama Pacha aliangalia chini.

— Hakuuliza cheti.

— Aliuliza nini?

— Aliuliza naweza kuanza lini.

Profesa aliweka kikombe sakafuni. — Subiri kwanza. Kwani kazi ipo?

— Ukamjibu nini? aliuliza wifi, kama vile Profesa hakusema kitu.

— Nilimwambia mtandao mbovu, nitampigia.

— Wifi. Leo Alhamisi.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine mtu wa kompyuta kusingizia mtandao tungemtania nao mwaka mzima. Mama Pacha aligeukia benchi zima.

— Nyinyi hamjapaona pale. Mfumo ukikwama, watu wanajaa dirishani, mtu amembeba mtoto ana homa, na dawa ziko kabatini lakini hazitoki. Zamani nilikuwa najua nishike wapi. Nilikuwa hata sifikiri, mikono inakwenda yenyewe. Sasa nikisema nakuja, halafu ile siku ifike, wote wanigeukie, na mimi nisimame tu… Nikasema bora nipate cheti kwanza. Niwe na kitu cha kushikilia.

— Na ukikipata, utaacha kuogopa? aliuliza wifi.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mama Pacha aliiwasha simu tena. Chaji alijifanya anafuta kioo cha simu. Profesa, ambaye ana jibu la kila kitu tangu mba hadi mwezi, aliinuka akaenda kummalizia mteja wake. Mimi nilijichoma sindano.

Kisha Mama Pacha alisimama, akavuka njia, akapiga simu akiwa ameegemea ukuta wa kinyozi, ametugeuzia mgongo. Tulisikia vipande vipande.

— Shikamoo, mkuu… Ndiyo, ni mimi… Hapana, mtandao ulikuwa… hapana. Niliogopa, mkuu. Ndiyo… Aa. Jana?… Naelewa… Nani? Yule kijana?… Naelewa.

Nilimwona anafuta jicho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na mdudu. Akaendelea kusikiliza. Kisha akasema maneno mawili matatu, akakata.

Aliporudi hakukaa.

— Ile nafasi aliyonitakia amempa mtu jana, alisema. Alinisubiri akachoka. Imebaki ya chini, ya zamu. Nitakuwa chini ya kijana aliyekuja kujifunza kazi kwangu, nilimfundisha mimi hata kuwasha ile mashine.

— Kataa! aligutuka Mzee Breki. Haiwezekani!

— Nimekubali, Mzee.

— Umekubali?

— Nilitaka kusema nitafikiria. Nikasikia mdomo umeshasema ndiyo.

Wifi yake alimshika mkono, akaubakisha hapohapo.

— Na cheti? aliuliza Chaji, kwa sauti ndogo sasa.

— Nimemuuliza. Akasema nije kwanza nione wanatumia nini siku hizi, nisijisomee vitu ambavyo pale havipo.

Hapo niseme kabisa, msije mkaniuliza: cheti alikuja kukisomea miezi mingi baadaye, ofisi ilipomtaka, na hakikuwa kimojawapo cha vile vitatu. Kilihusu kuhifadhi nakala za mfumo na kuurudisha ukianguka. Benchi zima hakuna aliyekuwa amekitaja.

Profesa alirudi, akaelezwa, akatikisa kichwa. — Mimi nilisema tangu mwanzo.

— Ulisema usalama! tulimrukia wote.

Kwa mara ya kwanza jioni hiyo Mama Pacha alitabasamu, lakini tabasamu halikudumu, kwa sababu wifi yake alikuwa bado anafikiri.

— Zamu inaanza saa ngapi?

— Saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia Jumatatu.

— Kaka anatoka kwenda kiwandani giza bado halijaondoka. Na mimi saa hiyo nafungua darasa, watoto wa watu wameshafika getini. Pacha nani atawaamsha, awape chai, awapeleke shule?

Mama Pacha aliketi tena upande wa tofali. Niliiona hofu ikimrudia usoni, nyingine kabisa. Alianza kupiga hesabu kwa macho, huku na huku, jirani huyu, jirani yule, na kila alipofika aliona mlango umefungwa. Profesa alikuna kidevu. Chaji alirudisha simu mfukoni. Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha mwisho, yakatoka matone mawili matatu na machicha, akaanza kukusanya vikombe vyake.

Mzee Breki alikohoa.

— Hao watoto, aliuliza, wakiamshwa asubuhi wanalia?

Mama Pacha alimgeukia.

— Mmoja, Mzee.

— Aa, alisema Mzee Breki, akijivuta kwenye benchi ili apate nafasi ya kuinuka. Mmoja ninamuweza.