Neno Alilolikata Profesa Pemberthy Mara 243

Tarehe 31 Julai 2024 Profesa Alasdair Pemberthy anastaafu, baada ya kuitumikia Idara yetu ya Falsafa kwa miaka 36 na miezi kumi. Kati ya hiyo, miaka 27 amekuwa Mkuu wa Idara, cheo alichopewa siku aliyochelewa kikao.

Wasomaji wa jarida hili walioko Uhandisi na jikoni wamekuwa wakiuliza huyu mzee hasa alikuwa akifanya nini. Jibu ni fupi. Profesa ni bingwa wa wale wanafalsafa walioutoa ukweli upepo kama tairi. Wenzao wanaamini ukweli ni kitu kikubwa, kina siri ndani yake. Yeye anasema hakuna siri. Ukisema “ni kweli kwamba mvua inanyesha,” umesema mvua inanyesha, basi. Kuthibitisha hilo ameandika vitabu vinne, jumla ya kurasa 1,146. Viwili vya kwanza nilivipiga chapa mimi. Shukrani zilimwendea paka wake.

Aliishi alivyofundisha, hilo hatumnyimi. Alf, mlinzi wetu wa lango, alimtania kila asubuhi.

“Eti Profesa, ni kweli leo mvua itanyesha?”

“Itanyesha, Alf.”

“Nimekuuliza kama ni kweli!”

“Na mimi nimekujibu, mzee wangu. Chukua mwavuli.”

Mkewe, Hilary, anasimulia kwamba alipochumbiwa alimuuliza kama ni kweli anampenda. Akajibiwa, “Nakupenda. Hilo ‘ni kweli’ la mwanzoni umejisumbua bure.” Alikubali hivyo hivyo. Wana watoto watatu.

Kwa sisi wa ofisini mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, nikaingia hapa kama mpiga chapa, nikasoma masomo ya jioni miaka saba mpaka nikawa Meneja wa Idara. Kumbukumbu za vikao ni kazi ya mikono yangu. Tuna vikao tisa kwa mwaka, na kwa desturi ya chuo kila kumbukumbu huishia na mstari mmoja: “Zimethibitishwa kuwa ni za kweli,” kisha sahihi ya mwenyekiti. Profesa alisaini zote. Lakini kabla ya kusaini alitoa kalamu nyekundu, akayakata maneno “kuwa ni za kweli,” akaacha “Zimethibitishwa.”

“Profesa, mbona unaniharibia karatasi?”

“Sijaharibu, Maureen. Nimepunguza wino tu. Hapo juu umeandika birika limeharibika. Sasa unataka niseme nini zaidi kuhusu birika?”

Nilitaka aseme kwamba nimeandika sawasawa. Mtu akifanya kazi vizuri miaka yote hiyo, neno moja si kubwa.

Machi 2022 neno hilo likawa kubwa kweli kweli. Mkuu wa Kitivo, Dk. Crispin Tolhurst, alitangaza kwamba Idara ilikubali, kwenye kikao cha Mei 2021, kufunga ofisi yake na kufuta nafasi ya meneja. Meneja ni mimi. Kumbukumbu zangu zilisema Idara ilikataa, kura kumi na moja kwa sifuri. Jopo la chuo likaitwa kuamua. Dk. Tolhurst akaziinua nakala za zile karatasi.

“Tazameni! Mkuu wake mwenyewe amekata ‘za kweli.’ Si mara moja. Mara mia mbili ishirini na moja! Huyu mama amekuwa akijitungia.”

Nilikuwa na miaka hamsini na nane. Hakuna chuo kingeajiri meneja anayejitungia.

Profesa alifika na kumbukumbu zote 221 ndani ya mifuko miwili ya dukani. Mwenyekiti wa jopo, Bi. Prudence Okell, alimuuliza kama anazikubali. Mtu mwingine angesema ndiyo. Yeye alivaa miwani akaanza kuzisoma, kuanzia Oktoba 1997: kikao kilianza saa nane na dakika tano, Dk. Sugden aliomba udhuru, zulia la ngazini limechanika. Alieleza kwamba kusema zulia limechanika ndiko kukubali. Saa nzima ikapita, akamaliza tatu. Nilipiga hesabu pembeni: zilizobaki zingechukua saa sabini na mbili na dakika arobaini.

“Profesa,” Bi. Okell akasema, “nina treni saa kumi na moja. Huwezi kuzikubali zote kwa mkupuo mmoja?”

Akaiweka mezani kumbukumbu ya nne. Akavua miwani.

“Kila alichoandika Maureen ni kweli.”

Dk. Tolhurst akaruka. “Aha! Kumbe neno unalihitaji!”

“Nalihitaji hapa, Crispin, na ndiyo kazi yake. Mambo yakiwa mengi hata huwezi kuyasema moja moja, ndipo unapolitoa. Nimeliweka akiba miaka yote hii. Sikuwahi kupata mtu mwenye mengi kiasi hiki.”

Jopo liliamua kabla ya treni ya Bi. Okell. Nafasi yangu ipo, birika jipya lipo, na Dk. Tolhurst sasa anaongoza kamati ya maegesho.

Msidhani mzee alibadilika. Mwezi huu, kwenye kikao chake cha mwisho, cha 243, alitoa kalamu nyekundu akakata kama kawaida. Safari hii sikumuuliza kitu. Nilimsogezea biskuti.

Kwa niaba ya Idara, Alf wa langoni na wote waliowahi kumuuliza swali jepesi, tunakushukuru, Profesa. Tunawaombea wewe na Hilary afya, bustani isiyo na konokono, na majirani wasiopenda mabishano. Haya yote niliyoandika ni kweli. Sentensi hiyo ukitaka ikate. Kalamu nyekundu tumekufungia ndani ya zawadi.

Maureen Ogley
Meneja wa Idara